Kipande Kisichokanyagwa

Jumapili, 2 Machi

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nimeliandika mara tatu kwa sababu bado ni neno jipya mdomoni, na kalamu nayo naona inalifurahia. Babu Gia alinipa bahasha yako jana mchana, hata gari hajalizima, mbele ya ofisi nzima. Aliipeperusha juu kabisa akapiga kelele, "Bibi harusi, mzigo wako huu! Unanuka jasho la mahaba!" Watu wakacheka mpaka mhasibu akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Mimi sikujali. Niliipokea kwa mikono miwili.

Kadi ya kifaa chako cha GPS, ndogo kama ukucha, na ndani yake umo wewe, hatua kwa hatua! Niliichomeka kwenye kompyuta, programu yangu ikaanza kuchora, na kidogo kidogo mstari wako ukajitokeza: ukishuka bondeni, ukifuata mto, ukipumzika. Nimejua umepumzika kwa sababu nukta zinarundikana kama siafu waliopata sukari. Halafu, laazizi, kwenye kipande cha bondeni kuna kitanzi kimoja kama sikio la mtu. Umekwenda mbele, umerudi, umezunguka, umekwenda tena. Ulifanya nini pale? Nimelichapisha hilo sikio nikalibandika kando ya kioo chetu. Mama yako kaingia akaliangalia akasema, "Wewe mtoto, sasa unabandika minyoo ukutani?"

Mkuu, kama kawaida yake, hataki masikio. Anataka mstari mwepesi, kwa sababu simu walizopewa wauguzi wa pikipiki wafuate njia zako ni za bei rahisi, ukizipa nukta nyingi zinaganda. Kwa hiyo namwita Kinyozi. Unakumbuka tulivyompa jina hilo? Wiki ile ya kwanza ya ndoa, kompyuta imekaa juu ya mto katikati yetu, nami nakuonyesha mistari michache ya programu niliyoiandika: anavuta kamba toka nukta ya kwanza hadi ya mwisho, anatafuta nukta iliyokaa mbali na kamba kuliko zote, akiona iko mbali ya kutosha anaiacha, anavuta kamba upya hadi hapo, na zile zilizo karibu na kamba anazinyoa zote. Ukasema, "Basi huyu ni kinyozi, na mimi ndiye kichwa." Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Lakini kabla hajakunyoa mimi huwa nakutazama na nywele zako zote.

Mkuu karudia ahadi yake. Ukimaliza kipande cha mwisho, toka kivukoni hadi zahanati ya mlimani, kabla mvua hazijafunga barabara kubwa, unapata ajira ya kudumu. Ya kudumu, mume wangu! Nimekwenda kukiona kile chumba cha kupanga karibu na shule. Kina madirisha mawili. Mapazia nimeshayachagua, ya njano. Kwa hiyo fanya haraka. Ukiona njia ya mkato popote, pita, usinisubirishe. Kitanda hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja mfupi.

Mkeo mpya kabisa


Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kipenzi,

Hilo sikio ni kofia. Nilikula mkate juu ya jiwe, nikaondoka, nikakuta jua linanichoma utosi, nikarudi. Kofia nikaikuta, lakini sasa katikati ya njia kuna beberu amesimama, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye mwenye deni lake. Nikamzunguka kwa heshima. Hiyo ndiyo siri yote. Mwambie mama si minyoo, ni mwanawe anamkimbia mbuzi.

Huku hema linavuja na chai ina ladha ya mafuta ya taa. Mwenzangu ameshikwa na homa, Babu Gia anamrudisha leo pamoja na barua hii, kwa hiyo kipande cha mwisho nakipiga peke yangu. Mguu wa kushoto umevimba kidogo kwenye kifundo. Kidogo tu, usianze kulia.

Barua yako nimeisoma hadi karatasi imelegea. Madirisha mawili! Nakuja, mke wangu. Nakuja haraka kuliko unavyofikiri.

Mumeo
Kichwa cha Kinyozi


Jumatatu, 10 Machi

Kwa Bibi Harusi wa Ramani,

Nimepita ofisini mara mbili sikukukuta, mara zote naambiwa umekwenda kutazama mapazia. Mapazia hayabebi dawa, mdogo wangu.

Mimi ndiye yule muuguzi mnayeniita Dada Honi, mkidhani sisikii. Nimepangiwa zahanati ya mlimani msimu huu wote. Mawingu yameanza kukaa vibaya, na kule juu kuna mama mjamzito, mimba yake ya nne, zile tatu zote zilimtoa damu nyingi. Nikiitwa, nitaitwa wakati barabara kubwa ishakuwa mto. Nitapanda kwa njia ya mumeo, na sanduku la dawa mgongoni. Nitakuwa natazama simu, kwa sababu njia yenyewe siijui na taa ya pikipiki yangu inaona hatua kumi tu.

Kwa hiyo nipe ramani. Na mwambie mumeo akirudi nina zawadi yenu ya harusi, sufuria, ina mfuniko.

Dada Honi


Jumanne, 11 Machi

Mke wangu!

Nimemaliza! Kadi hii hapa. Toka kivukoni hadi zahanati, kipande chote, njia nzuri, haina matata. Kinyoe tu kama vingine umpe Mkuu. Gari la Jumamosi linanirudisha kwako. Chemsha maji, nina wiki mbili za vumbi.

Mumeo, mfanyakazi wa kudumu


Jumatano, 12 Machi

Mume wangu,

Babu Gia anarudi huko mchana huu, kwa hiyo naandika haraka, na mwandiko ukiwa mbaya nisamehe.

Jana niliichomeka kadi nikiimba. Mstari ukatoka. Ukapanda toka kivukoni, ukakunja, ukapumzika, na katikati nikaliona sikio.

Nilicheka. Nilisema kwa sauti, "Huyu mwanaume kasahau kofia tena!" Mama akauliza nacheka na nani. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu hilo sikio ninaliangalia kila asubuhi nikichana nywele. Nalijua kama ninavyolijua lako la kweli.

Nikauchukua mstari wa bondeni nikauweka juu ya huu. Nikausogeza kaskazini, nikausogeza mashariki kidogo. Ulikaa, mpenzi. Ulikaa kama shuka iliyokunjwa mara mbili. Kila nukta juu ya nukta yake, pumziko juu ya pumziko, sikio juu ya sikio. Na mwishoni, karibu na zahanati, kuna mstari mmoja umenyooka kama wa rula. Wewe hutembei hivyo. Hakuna binadamu anayetembea hivyo.

Labda ni kifaa. Labda ni programu yangu imechanganya mafaili, maana niliiandika mwenyewe na mimi si mhandisi, ni mtu wa kidato cha nne na kozi ya miezi mitatu. Nimeikagua tangu alfajiri. Nakuomba uniambie nimekosea wapi. Nitafurahi kukosea, nitaruka!

Hakuna anayejua. Na jambo linaloniogopesha ni hili: Kinyozi akipita, sikio linaondoka. Nimemjaribu. Linabaki karibu na kamba, kwa hiyo analinyoa pamoja na mengine, na kinachobaki ni mstari msafi, mzuri, ambao Mkuu ataupenda. Ni kubonyeza kitufe kimoja. Hilo sikio nitakuwa nimelificha mimi, na hata mimi nikitazama mstari sitaona kitu.

Sijabonyeza.

Dada Honi kaja leo tena. Nimemwambia kesho.

Niandikie. Niandikie hata neno moja. Nakupenda hadi nahisi kizunguzungu.

Mkeo


Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu,

Kwanza niulize: niliyemuoa ni mke au mkaguzi?

Programu yako haina kosa. Umeridhika?

Sasa sikiliza. Pale kivukoni nilikutana na watu wanaotoka juu, watatu, kwa nyakati tofauti, magunia kichwani. Wanashuka kusaga kila wiki. Niliwauliza njia ikoje. Wote walisema inapitika, imekwenda moja kwa moja hadi zahanati. Kwa hiyo njia ipo. Mimi nimeichora tu bila kuikanyaga. Zahanati tunajua ilipo, kivuko tunajua kilipo, katikati ni mlima uleule. Mguu wangu sasa hauingii kiatuni. Jumamosi ingenipita, na mvua ingefuata, na ajira ingemwendea mtu mwingine, na wewe kila barua ni dirisha, mapazia, fanya haraka, njia ya mkato.

Namba za kile kipande cha bondeni nilijifunza kuzisogeza kwako. Nilikaa hemani na kompyuta ndogo ya kazi nikawa nakumbuka kidole chako kinavyoonyesha kwenye kioo, hapa latitudo, hapa longitudo, hapa saa. Nilitabasamu nikifanya. Sikuwaza kama ni uongo. Niliwaza kama ni safari ya kuja nyumbani.

Unyoe mstari huo. Bonyeza. Kesho usiku nitakuwa kwako, na hili tutalicheka tukiwa wazee.

Ukimwambia Mkuu, mimi nimekwisha. Unajua hivyo.

Mumeo


Jumamosi, 15 Machi

Mume wangu,

Babu Gia amebeba barua hii pamoja na ile ya Mkuu. Soma yangu kwanza, tafadhali.

Nilimwambia. Niliingia ofisini kwake asubuhi kabla sijakunywa chai nikamwekea mistari miwili mezani, mmoja juu ya mwingine. Akavua miwani.

"Huyu si mumeo?"

"Ni mume wangu."

"Unajua nilimwahidi nini?"

"Najua. Nimeshachagua mapazia."

Akauliza, "Kwa nini hukunyoosha tu ukaniletea?" Nikamwambia kuna mtu atapanda kule gizani akitazama simu, taa yake inaona hatua kumi tu. Nikaanza kulia kama mjinga, kamasi na yote, akanisukumia kitambaa cha kufutia ubao.

Ramani nimeichapisha. Mstari wako unakuja vizuri hadi kivukoni, halafu unakoma. Toka hapo hadi zahanati nimeacha karatasi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa: HAPAJAKANYAGWA. Dada Honi aliitazama akaigeuza juu chini. "Sasa hapa katikati niruke kama panzi?" Nikamwambia asubiri kidogo. Akaniangalia usoni, mzaha ukamtoka, akasema, "Mimi nitasubiri. Yule mama ndiye sijui."

Mama yako nimemwambia mwenyewe, sikutaka aambiwe na watu. Hakunifokea. Alikunja kanga yake akasema, "Mwanangu kaoa," akaingia ndani. Tangu hapo hanijibu salamu. Chakula ananiachia mezani kimefunikwa, kama anavyoachiwa mgeni aliyechelewa.

Najua nilikuharakisha. Kila barua niliyokutumia nimeikumbuka usiku kucha, na kila moja ina mkono wangu unakuvuta. Nisamehe kwa hilo. Lakini wewe uliwauliza watu watatu waliobeba magunia, mpenzi. Dada Honi hatakuwa na gunia, atakuwa na pikipiki.

Mkuu anataka uende ukakikanyage kipande hicho, mguu ukikuruhusu. Usipokuruhusu, panda gari urudi, atatafutwa mwingine. Mimi sitakuambia ufanye nini. Nimechemsha maji kama ulivyoniagiza. Nitayachemsha hata usipokuja.

Mkeo


Jumatano, 19 Machi

Mume wangu,

Jumamosi gari lilirudi bila wewe. Nilikuwa nimesimama getini. Babu Gia alishusha kioo, hakunitania. Alisema tu, "Kasoma zote mbili, kachukua fimbo, kaondoka." Akawasha gari akaliingiza ndani.

Leo imekuja bahasha yenye kadi, bila karatasi. Niliitikisa. Niliichana hadi kwenye gundi nikitafuta neno lako. Hamna.

Basi nimekusoma kwenye kadi.

Umetoka kivukoni taratibu mno. Nukta zimebanana, nimejua ni mguu. Umepanda, umekaa, umepanda. Kisha, karibu nusu ya mlima, umesimama. Zimerundikana nyingi kuliko nilizowahi kuziona. Umekwenda kushoto kidogo, ukarudi. Kulia kidogo, ukarudi. Mbele, hatua chache sana, ukarudi haraka, nukta zimeachana kama za mtu anayekimbia. Kuna nini pale? Nilishika kioo cha kompyuta kwa kiganja kana kwamba ningeweza kukuzuia.

Halafu umeshuka. Umeshuka hadi karibu na kivuko, na nilidhani umekata tamaa. Lakini ukaanza upya, upande wa pili, kwenye mgongo wa mlima, njia ndefu yenye kona nyingi. Usiku kifaa kimezimwa. Asubuhi umeendelea. Umefika zahanati kwa upande wa nyuma.

Nimemwita Kinyozi nikamfunga mikono: nimemwambia aache kila kona, anyoe vumbi tu. Faili limekuwa zito, simu ya Dada Honi ilihema kulifungua, lakini limefunguka. Amelichukua saa ileile. Mvua imeanza akiwa bado anafunga kofia yake.

Sijui kama umenyamaza kwa sababu una hasira au kwa sababu huna karatasi. Nimekuandikia hata hivyo.

Mkeo


Ijumaa, 21 Machi

Mke wangu,

Karatasi nilikuwa nayo. Nilikuwa na hasira.

Nilipanda mlima ule nikikutukana, ujue hivyo. Kila hatua iliyoniuma nilikuhesabia wewe. Nilikuwa nikisema, nitafika juu, nitakuta njia safi, nitamletea hiyo kadi nimtupie.

Mahali nilipotulia, njia imemomonyoka. Mvua za mwaka jana ziliila. Umebaki ukingo upana wa unyayo, ukuta wa mwamba upande mmoja, upande mwingine hakuna kitu. Nimetupa jiwe, sikusikia likitua. Wakati nimesimama akaja mwanamke na gunia lake la unga. Alinisalimia, akageuka ubavu, akabandika mgongo kwenye mwamba, akapita kama mtu anayepita kati ya viti kanisani. Ng'ambo akaniambia, "Inapitika, mwanangu. Usitazame chini tu." Nilijaribu. Nilirudi mbio.

Wale watatu hawakunidanganya. Sikuwauliza kama ni ya pikipiki.

Nilikaa pale. Nikamwona Honi akilini anakuja na taa yake ya hatua kumi, macho kwenye simu, na mstari wangu umenyooka mbele yake. Mke wangu, nilitapika.

Mkuu ameniandikia. Ajira imempata yule mwenzangu wa homa. Ni mtu mzuri. Mimi nimelipwa hadi siku ile ya kadi ya uongo na nimeambiwa nisirudi ofisini.

Barabara kubwa imejaa, barua hii nampa mtu anayekuja huko kwa miguu; Babu Gia anazunguka kwa juu, Jumatatu ndipo atanichukua. Mwambie mama nakuja. Wewe sijui nikuambie nini. Nilikuita mkaguzi. Bado nina hasira kidogo, na sijui ni ya nani.

Mumeo, kama bado


Jumapili, 23 Machi

Mume wangu,

Bado. Nani kakuambia si bado?

Dada Honi aliitwa Ijumaa usiku. Alipita mgongoni mwa mlima, anasema kona zako zilimtukanisha hadi mjukuu wa babu yako, lakini zilikuwa mahali pake zote. Yule mama mjamzito wa kule juu alitoka damu kama walivyoogopa. Dawa zilikuwapo. Wako hai wote wawili, na mtoto ni wa kiume na analia kwa sauti ya honi, hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe.

Niliwaza nikuambie hilo tu niishie hapo, ionekane barua nzuri. Lakini tumeshaona mistari mizuri inavyokuwa.

Chumba cha madirisha mawili kimechukuliwa. Mama leo kaniuliza kama nimekula. Hilo tu, halafu akaendelea na kazi zake. Ofisini wananisalimia kwa adabu mno, na Babu Gia hapeperushi tena bahasha. Jana nililala nikawaza, je, ningemjua mume wangu kama nisingejua kusoma nukta? Nikaogopa jibu. Wewe nawe huenda unajiuliza uliyemuoa ni nani. Tutaishi chumba hiki kimoja, ukuta mmoja na mama, na itatubidi tuzungumze kwa sauti ndogo mambo makubwa. Sijui tutaanzia wapi. Mimi nakupenda, na hilo halikunisaidia kulala.

Jumatatu mvua haitakuwa imeacha. Mguu ule usiukanyagie, mwambie Babu Gia akufikishe hadi mlangoni, asikushushe barabarani. Usipige hodi kwa nguvu, mama ana usingizi mwepesi. Nitakuwa upande wa ndani, nimeshika komeo.

Mkeo